Tusiuze misindano michanga: pesa ya Mufindi na Njombe inaondoka na magogo membamba

Kitalu9 (mwanzisha uzi)

Kamwene ndugu zangu. Huu uzi nimeuwaza muda mrefu, mwenye haraka auache kwanza ausome akitulia maana utakuwa mrefu.

Mimi ni mtu wa Mufindi, upande wa Igowole. Nimezaliwa nikakuta misindano (paini) ipo na milingoti (mikaratusi) ipo. Mzee wangu alikuwa kibarua wa kupogolea kwenye shamba la miti la serikali la Sao Hill, anaondoka alfajiri na panga na msumeno wa mkono, anarudi nguo zimeganda utomvu mpaka mama anashindwa kuzifua. Ada yetu ilitoka huko, bati la nyumba lilitoka huko, na hata ng'ombe aliyechinjwa kwenye harusi ya dada yangu alinunuliwa kwa pesa ya mbao. Kwa hiyo ninaposema uchumi wa huku kwetu ni miti simaanishi ile ya kusomwa kwenye hotuba, namaanisha kile kinacholiwa nyumbani.

Kwa wasiojua historia kidogo. Sao Hill majaribio ya kwanza ya kupanda yalianza 1939, ila kule kupanda kwa fujo kulikuja miaka ya 70 na fedha za Benki ya Dunia, na lengo kubwa lilikuwa kulisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo ambacho kilianza kazi 1985. Kule Njombe wao walianza na miwati, kampuni ya Tanwat ipo tangu 1949, walikuwa wanataka gome la kutengenezea dawa ya kusindika ngozi za wanyama. Sasa wananchi nao wana macho, waliona shamba la serikali linavyoingiza pesa wakasema na sisi tupande, kila mtu akaanza na kaheka kake, wengine nusu heka, wengine kwenye kilima ambacho hata mahindi hayaoti. Leo hii ukikaa barabarani Mafinga ukahesabu fuso zinazotoka vijijini, mzigo mkubwa ni wa miti ya watu binafsi, serikali peke yake hailishi tena hivi viwanda vyote.

Na hapo ndipo shida yangu ilipo. Miti mingi inayoshuka kwenye hizo fuso ni michanga. Miaka 8, miaka 9, mingine 7 jamani. Msindano unatakiwa ufike angalau miaka 18 ndiyo uwe mbao ya maana, sisi tunaukata ukiwa bado mtoto kisha tunakaa vijiweni tunasema miti haina faida.

Naongea kwa uchungu kwa sababu na mimi niliuza. Mwaka 2016 mama aliugua, tukawa tunampeleka hospitali kila baada ya wiki mbili, na mdogo wangu alikuwa anaingia kidato cha tano. Nilikuwa na heka tatu za misindano ya miaka 9. Akaja mnunuzi mmoja na dalali wake, wakazunguka shambani kama dakika ishirini, hakuna futi hakuna kipimo, wakatazama kwa macho tu wakasema milioni tano na laki nne kwa zote. Nikakubali siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata wakaleta dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao ya kuhamahama, wakaifunga pale chini karibu na njia, na mimi nikawa naenda kila siku kuangalia.

Nilichokiona siku ya tatu hakijanitoka mpaka leo. Lundo la mabanzi lilikuwa kubwa kuliko lundo la mbao. Gogo linaingia, ule msumeno wa duara unalia, banzi linaanguka kushoto, banzi linaanguka kulia, katikati zinatoka mbao mbili tu za inchi mbili kwa nne, na vumbi la mbao linarundikana chini ya mashine kama unga wa kinu. Vijana wanakusanya mabanzi wanayapeleka kwa wachoma tofali. Nikasema hii yote ni miti yangu, nimeipalilia miaka tisa, nimekesha nayo wakati wa moto, leo zaidi ya nusu yake inakwenda kuchoma tofali.

Jirani yangu tumepakana mpaka, alipanda mwaka uleule nilipopanda mimi, mbegu moja, udongo mmoja. Yeye alisubiri. Kauza 2024 ikiwa na miaka 17, na kwa heka moja alipata zaidi ya mara nne ya nilichopata mimi kwa heka. Bei za mbao zimepanda kweli katikati hapo, sikatai, lakini hazijapanda mara nne.

Wadau wa miti njooni tujadili. Nitarudi na hesabu.

---

Fundi Kenchi

Mkuu umegusa penyewe. Mimi ni fundi paa Dar, Mbagala na Chanika huko ndiko nafanyia kazi sana, mwaka wa kumi na mbili sasa. Nilipoanza kazi mbao ya Mafinga ilikuwa inanyooka, unapiga kenchi unaondoka ukirudi baada ya miaka mitano iko vilevile. Sa hivi napokea mbili kwa nne Jumatatu imenyooka, Ijumaa imejipinda kama upinde. Ukiikata kichwani unaona kile kiini cha mti katikati kabisa na miviringo yake ya ukuaji ni mipana, huo ni mti mchanga, haujakomaa. Ile miaka ya mwanzo mti unakimbilia kurefuka, mbao yake ni laini na ikikauka inavutana vibaya.

Halafu kuna hii ya mbao za dawa. Dawa ya kweli inasukumwa ndani kwa mtungi wa presha, ukiikata katikati unaikuta imeingia. Kuna wauzaji wanachovya kwenye pipa la maji ya rangi ya kijani wanasema ya dawa. Mimi mteja akiniletea lazima nikate kipande mbele yake tuangalie ndani, bila hivyo mchwa akija lawama ni yangu.

Sasa wenye nyumba wameshaanza kuhamia vyuma. Mnielewe vizuri, mteja akishazoea chuma harudi kwenye mbao, na hapo hata wewe uliyesubiri miaka 18 utakosa soko kwa makosa ya aliyeuza wa miaka 8.

---

Dereva wa Semi

Kamwene kaka Kitalu9. Mimi nabeba mbao Mafinga kwenda Dar na Dodoma, wakati mwingine mpaka Namanga. Niongeze kitu ambacho wengi hawakioni. Mbao mbichi ya msindano ndani yake maji yanaweza kuwa na uzito sawa na mti wenyewe ukikauka. Kwa hiyo napakia asubuhi Mafinga, wale wapakiaji nguo zimelowa kwa maji ya mbao, nafika mizani Wenda uzito umefika lakini gari bado lina nafasi juu. Nashuka Kitonga na maji, napita Mikumi na maji, mwenye mzigo analipia mafuta ya kubeba maji kilomita mia tano na zaidi, halafu mbao inakuja kukaukia Buguruni juani na kupinda palepale.

Wangekausha huku huku. Hata bila mashine, ukipanga vizuri na vijiti katikati chini ya kivuli upepo wa Mafinga wenyewe unakausha. Lakini mwenye mbao amekopa, anataka pesa yake wiki hii.

Na mkitaka kujua mbao zinalisha watu wangapi njooni Mafinga saa kumi na mbili asubuhi. Kabla gari halijatoka nimeshalipa wapakiaji, nimekula kwa mama ntilie, kuna mtu wa kuziba pancha, kuna wanaonoa misumeno, kuna wa kufunga kamba, gesti imeshachukua chake, na ushuru wa halmashauri umelipwa na hati ya kusafirishia imegongwa. Mvua ikipiga barabara za ndani zikafunga siku nne tu, mji mzima unaona. Muuza chapati atakwambia leo fuso hazijaja.

---

Dada wa Vinyungu

Naomba na mimi niseme, msinione napinga maendeleo. Nipo Njombe vijijini. Miti imetusaidia, hilo sikatai, mimi mwenyewe nimefanya kazi ya kujaza viriba kitaluni misimu mingi, sisi wanawake ndio tunaojaza udongo, tunamwagilia, tunapanga miche kwa maelfu, na hiyo pesa ndiyo niliyonunulia cherehani.

Lakini milingoti imeingia mpaka kwenye vinyungu. Bondeni kwetu wakati wa kiangazi ndipo tulipokuwa tunalima mahindi mabichi, maharage, mboga, ndiyo chakula cha kuanzia Agosti mpaka mvua. Akaja mtu wa mjini akanunua ardhi ya juu na ya bondeni pamoja, akapanda milingoti mpaka kwenye ukingo wa mto. Sasa kijito kile nilichokuwa nachota nikiwa msichana, mwezi wa kumi unakuta tope. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji usifanye shughuli ya kuharibu, sasa nani anapima hizo mita 60? Mwenyekiti wa kijiji anaogopa, mwenye shamba haonekani, mlinzi wa shamba anasema yeye ni wa mshahara tu.

Kwa hiyo kaka unaposema tusubiri miaka 18, mimi nauliza miaka 18 hiyo tunakula nini kama kinyungu kimekwenda.

---

Kitalu9

Dada yangu asante sana na sina cha kubisha. Mlingoti bondeni ni kosa, mti unaonyonya maji namna ile mahali pake ni juu kwenye kilima ambako mahindi hayaoti. Kwetu kuna bonde moja wazee walikubaliana kung'oa, wakang'oa visiki kabisa maana mlingoti ukiukata unachipua tena, na baada ya misimu kadhaa kinyungu kimerudi, watu wanalima. Inawezekana, lakini ilihitaji mkutano wa kijiji mzima usimame upande mmoja.

Na swali lako la tunakula nini ndilo jibu la uzi wenyewe. Hakuna anayeuza mti mchanga kwa sababu hajui. Mimi nilijua. Anauza kwa sababu ya ada, ugonjwa, msiba. Mti ndiyo benki yake na dharura haisubiri.

Hesabu nilizoahidi sasa. Ukipanda kwa mita 3 kwa 3, heka moja inabeba kama miti 450. Chukua gogo la unene wa sentimita 15 na lingine la sentimita 30, urefu uleule. Watu wanadhani la pili ni mara mbili ya la kwanza. Hapana, ni mara nne. Hilo la 15 utatoa mbili kwa nne mbili, tena kwa kubana. Hilo la 30 unatoa mbili kwa nane tatu na pembeni bado unaokota mbao za kupanga. Na msumeno wa dingdong ni mnene, kila ukipita unakula kama milimita 6 za mti, sasa kwenye gogo jembamba hizo milimita ni sehemu kubwa ya mti wako, kwenye gogo nene hazionekani sana. Ile miaka nane au tisa ya mwisho ambayo hatutaki kusubiri ndiyo yenye pesa karibu yote.

Lakini kuna kitu cha katikati ambacho wengi tunakiruka, kupunguza. Huhitaji kuchagua kati ya kuuza wote na kukaa na njaa. Shamba likifika miaka 8 mpaka 10 unaingia unatoa ile iliyopinda, iliyodumaa, iliyobanwa, unauza kama mirunda au nguzo ndogo za fensi, hiyo ni ada. Iliyobaki inapata mwanga na nafasi, inanenepa haraka. Hii walikuwa wanatufundisha sana kwenye ule mpango wa Panda Miti Kibiashara uliofadhiliwa na Ufini, ulianza 2014, nilihudhuria mafunzo mara mbili na nikaona kwenye shamba la mfano kwa macho yangu. Tatizo ukimwambia mzee akate miti mizima iliyosimama anaona kama unamwambia achinje ng'ombe wa maziwa.

---

Mkaazi wa Elburgon

Habari zenu ndugu wa Tanzania. Mimi ni Mkenya, natoka Elburgon, Nakuru County, mji ambao ulijengwa na mbao. Nimesoma hii yote nikaona niwaambie yaliyotupata sisi ili mjue vile inaeza kuwa.

Februari 2018 serikali yetu ilipiga marufuku kukata miti kwenye misitu ya umma. Walisema ni siku 90. Ilikaa mpaka 2023, miaka mitano na zaidi. Sikatai msitu wa Mau ulikuwa umeumia, mito ilikuwa imeshuka na watu walikuwa wanakata usiku bila haya, lakini hiyo marufuku ilishika hata ile miti iliyopandwa ivunwe, saiprasi iliyokomaa ikabaki imesimama inazeeka. Mashine za mbao zilifungwa moja baada ya nyingine. Nyumba za kupanga zilibaki wazi, mwenye hoteli akafunga, mwalimu anakwambia darasa limepungua kwa sababu wazazi wamehama. Mimi nilikuwa naendesha mashine ya kupasua, nikaenda Naivasha kwenye maua.

Na mbao ilitoka wapi hiyo miaka? Ilitoka kwenu. Ilipita Namanga, ukienda kwa hadwea unaambiwa hii ni pine ya Tanzania. Ilisaidia wajenzi wetu na najua iliinua bei kwenu pia.

Kwa hiyo nyinyi mko na kitu sisi hatukuwa nacho, miti mingi iko mikononi mwa wananchi wenyewe, si serikali pekee. Hakuna mtu wa Nairobi anaeza kuamka asubuhi afunge shamba la kila mzee wa kijiji. Mkiikata yote ikiwa changa mtajifungia wenyewe.

---

Kitalu9

Ndugu wa Elburgon umenigusa sana, na pole kwa yaliyowapata. Hicho ulichosema kuhusu bei ni kweli, miaka ile wanunuzi waliongezeka mpaka vijijini, na ndiyo kipindi ambacho miti michanga ilikwenda kwa kasi zaidi. Bei nzuri ilikuja wakati miti yetu mingi haijakomaa, tukaivuna hivyohivyo.

---

Mpasuaji wa Nyololo

Wakuu, mimi nina dingdong, naona huku tunasemwa sana. Naomba mtuelewe. Dingdong naibeba kwenye trekta naipeleka shambani kwa mzee mwenye nusu heka ambako semi haifiki. Bendisoo, ile mashine ya msumeno wa mkanda, inapasua kwa blade nyembamba, upotevu mdogo, mbao safi, hilo nakubali kabisa, ila inataka pesa, inataka fundi wa kunoa, na ikikaa kijijini bila fundi inakuwa chuma. Mimi nimeajiri vijana tisa. Nikiifunga leo, vijana tisa wanarudi vijiweni na yule mzee hana wa kumfikia.

Na gogo jembamba siku hizi lina wateja hata bila mimi. Viwanda vya Wachina Mafinga vinamenya gogo kutoa vinia, yale matabaka membamba ya mti, kwa ajili ya plaiwudi, wanachukua mlingoti mwembamba ambao kwenye mbao hauna kazi. Hiyo ni soko zuri kwa mwenye mlingoti, maana nguzo za umeme nazo Tanesco wameanza kuweka za zege, waliopanda heka ishirini za milingoti wakisubiri nguzo wana mawazo. Cha muhimu ni gogo jembamba liwe la mlingoti au la kupunguza, lisiwe shamba zima la misindano.

---

Kitalu9

Mkuu, dingdong yako haina kosa na vijana tisa ni familia tisa. Ningefurahi siku moja watu kama wewe watano mchangie bendisoo moja ikae Nyololo na dingdong zibaki kwa zile sehemu ngumu. Pale Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, kunoa na kutunza blade ni vitu ambavyo kijana anaweza kujifunza bila kwenda mbali.

Niwaambie nilichofanya baada ya 2016. Visiki vilipooza nikapanda tena, mara hii kwa mbegu iliyoboreshwa, si ile ya kuokota chini ya miti. Lakini kitu kikubwa ni kikundi. Tuko watu kumi na tisa, tunaweka akiba kama VICOBA kila wiki, na tumekubaliana jambo moja tu: mwenye shida ya dharura asimfuate dalali, aje kwenye kikundi kwanza. Tunakwenda shambani kwake tunapima, tunahesabu miti, tunapima unene kwa utepe kwenye kifua, tunamkopesha, na shamba ndilo dhamana. Atalipa kwa pesa ya kupunguza, au siku ya kuvuna. Mpaka sasa watu wanne wameokoka na dalali kwa njia hii, mmoja wao ni bibi wa miaka sabini na kitu aliyekuwa auze heka mbili kwa ajili ya msiba.

Wagumu wapo. Mmoja alikopa halafu akauza kimyakimya, fuso ziliingia usiku. Sasa tunaandikishana mbele ya mtendaji wa kijiji.

Na moto, naomba kabla ya mwezi wa nane tukumbushane. Mwaka jana kijana alikuwa anasafisha shamba la mahindi, upepo ukageuka, heka saba za watu watatu ziliteketea mchana mmoja, miti ya miaka 12. Hakukuwa na njia ya moto hata ya mita moja. Kama una shamba, fyeka mpaka wako mpana kabla ya Julai kuisha, na jirani yako mwambie afyeke upande wake.

---

Dada wa Vinyungu

Kaka huo mkopo wa kikundi umenifungua macho. Wanawake wasio na miti je? Mimi ardhi ya mume wangu iliuzwa kabla sijaolewa, sina cha kuweka dhamana.

---

Kitalu9

Dada, kwetu wanawake sita hawana miti. Wanaweka akiba kama wengine na kikundi kiliwapa kazi ya kitalu, miche yote ya wanachama inatoka kwao na wanalipwa kwa mche. Wawili wameshakodi ardhi kilimani kwa makubaliano ya kugawana mavuno na mwenye ardhi, miaka miwili ya kwanza wanapanda mahindi katikati ya mistari. Kama unaweza kujaza viriba misimu yote hiyo basi ujuzi unao tayari. Na mizinga ya nyuki haihitaji ardhi kubwa, iulizie.

Jumamosi tunaingia kwenye shamba la yule bibi kupunguza kwa mara ya kwanza. Nimenunua utepe mpya na rangi nyekundu ya kuweka alama. Bibi kasema atakuwepo kila mti ukiwekwa alama, na usipomshawishi huo mti haukatwi. Nitaleta hapa idadi ya tuliyoitoa, unene, na mirunda imeuzwa shilingi ngapi.

---

Fundi Kenchi

Uweke na picha za vichwa vya magogo mkuu, nataka kuona miviringo ya ndani.